Vidole viwili na nusu: je, huyu anadai mara mbili?

Jirani yangu alinijia Jumapili jioni, koti la mtumba amelifunga mpaka shingoni, maana Mafinga ikifika Juni ukungu hauombi ruhusa. Kikombe cha chai alikishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia huuweka mfukoni, hata akiwa ndani ya nyumba. Mwaka juzi msumeno wa kupasulia mbao ulimchukulia kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, katika kiwanda kimoja cha mbao huku kwetu Mufindi. Alitibiwa, akapimwa, akawekwa chini ya asilimia 30 ya ulemavu, akalipwa fidia yake kwa mkupuo, akarudi kazini. Kwenye mashine hakurudishwa. Alipewa daftari ahesabu mbao zinazotoka. Soko lilipokuwa baya, watu kumi na mmoja wakapewa barua za kupunguzwa, naye akiwemo.

Alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na fomu mbili. Moja ya fao la kukosa ajira, nyingine ya kuomba mkono upimwe upya, kwa sababu vile vidole vilivyobaki vimeanza kukakamaa na asubuhi za baridi havifungi kabisa.

"Kaka," akaniambia, "nikipeleka hii ya kukosa kazi, si watasema basi mkono umepona? Na nikipeleka ya mkono, si watasema basi wewe kazi huiwezi, hela ya kukosa kazi unaitakia nini?"

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikakuta sina jibu. Mifumo ya hifadhi ya jamii imelizunguka swali hilo tangu ilipoanza kugawa mafao kwa majina, hili la uzee, hili la ulemavu, hili la kukosa ajira. Kila fao lina maneno yake ambayo mdai lazima ayatamke. Wa kukosa ajira anasema: kazi naiweza, ila sina. Wa ulemavu anasema: siiwezi. Mstaafu anasema: nimemaliza. Sasa yapeleke maneno mawili ya mtu mmoja kwenye dirisha moja uone karani anavyokuinulia macho, utadhani umekutwa na kuku wa watu kwapani.

Msimamo wangu niuseme mapema. Aliyepoteza vitu viwili ana haki ya kudai viwili, na hofu ya watu "kula kuwili" huku kwetu imekuwa kubwa kuliko chakula chenyewe. Sheria yetu ilijenga ukuta wa kuzuia wanaokula mara mbili, na wanaogonga vichwa kwenye ukuta huo ni watu ambao hata mara moja hawajala.

Fao la kukosa ajira ni geni kwetu. Lilikuja na sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, mfuko ukaanza kazi Agosti 1 mwaka huo, na mfuko wa NSSF ukabaki na sekta binafsi. Kabla ya hapo watu walizoea fao la kujitoa. Unaachishwa kazi, unakwenda kuchukua chako chote, unafungua duka au unanunua ekari mbili unapanda miti. Serikali ilitaka kulifuta mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini wakaja juu kuliko wote, ikarudi nyuma. Mwaka 2018 mlango ukafungwa kweli, na mahali pake pakawekwa fao hili jipya: asilimia 33.3 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi sita.

Masharti yake makubwa ni manne. Uwe umechangia miezi 18 au zaidi. Usiwe umeacha kazi kwa hiari yako. Uwe hujafikisha miaka 55. Na usiwe umepata ajira nyingine. Ambaye michango yake haikufika miezi 18 hana malipo ya kila mwezi. Hurudishiwa nusu ya kile alichochangia mwenyewe, basi.

Jirani yangu alikuwa analipwa shilingi 300,000. Piga asilimia 33.3, unapata 99,900. Laki moja kasoro mia. Kwa miezi sita ni 599,400, na ana watoto wanne, mmoja yuko kidato cha tatu bweni. Hicho ndicho chakula ambacho tunaogopa mtu asije akakila huku ameshika kingine.

Sasa yatazame tena yale masharti manne. Hakuna hata moja linalouliza una vidole vingapi. Yanauliza ulichangia muda gani, uliondokaje, una umri gani, na leo unafanya nini. Kwa hiyo hofu ya jirani yangu haitoki kwenye masharti hayo. Inatoka dirishani, inatoka vijiweni, inatoka kwa wale wanaojua kila kitu na hawajawahi kujaza fomu. Mshika mbili moja humponyoka, wanamwambia. Methali nzuri, lakini ilitungiwa mambo ya tamaa. Mtu aliyenyang'anywa mawili hayumo.

Hilo sharti la kuacha kazi kwa hiari nalo nisilipite hivi hivi. Siku ya barua, watu watatu kati ya wale kumi na mmoja waliitwa pembeni, wakaambiwa waandike wenyewe kwamba wanaacha kazi, "ili mambo yaende haraka", kisha watapewa chochote cha mkononi. Wawili wakaandika. Kwa mstari ule mmoja walijifutia fao la kukosa ajira, maana kwenye karatasi wameondoka kwa kupenda kwao. Walijifutia na kiinua mgongo, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakihesabu kwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, mwisho miaka kumi, kwa mtu aliyeachishwa na mwajiri. Jirani yangu alikataa kuandika. Sababu yake inachekesha kidogo: mkono ulikuwa unamuuma siku hiyo, akasema hawezi kushika kalamu. Kwa miaka yake sita hiyo ni siku 42 za mshahara alizoziokoa kwa vidole ambavyo hana.

Turudi kwenye fidia. Hii ni pesa ya aina nyingine kabisa, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umetokana na sheria ya 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, baadaye ikashushwa hadi 0.6, kisha 0.5. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiumia na kulala kitandani, mfuko unakulipa asilimia 70 ya kipato chako kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, mpaka miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Ukiangalia vizuri, fidia ni malipo ya mkono, wala si malipo ya kazi. Vidole havikuwa mali ya kiwanda. Vilikuwa vya mtu, alikuja navyo kutoka kwa mama yake, kiwanda kikavipoteza. Hata kama kesho angeajiriwa mahali pengine kwa mshahara mara mbili, deni la vidole lingebaki pale pale. Kinyume chake, hata kama angekuwa na vidole vyote kumi, kupunguzwa kazi kungemkuta kama kulivyowakuta wenzake kumi. Ni ajali mbili, siku mbili tofauti, sababu mbili. Ukimwambia achague moja, unamwambia asamehe moja, na anayesamehewa si yeye.

Panapokuwa pagumu kweli ni kwenye pensheni ya ulemavu, ile ya mfuko wa pensheni yenyewe. Hii inamtaka mtu awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Hapo nakubali, ukienda na karatasi inayosema umepoteza uwezo kiasi hicho, na chini yake nyingine inayosema uko tayari kuanza kazi Jumatatu, mtu yeyote atauliza. Anayo haki ya kuuliza.

Lakini nani amewahi kukaa akafikiria maana ya "kuweza kazi" kwa mtu wa Mufindi? Kazi za hapa ni mikono na migongo. Kuchuma chai, kufyeka na kupogoa miti Sao Hill, kupakia magogo kwenye lori, kulisha mashine ya mbao. Ukishuka mpaka Uyole na Mwanjelwa kule Mbeya ni yale yale, magunia ya viazi yamefungwa mpaka yana kilemba, na mbebaji halipwi kwa alichokisoma. Mtu asiye na vidole viwili na nusu anaweza kuwa karani mzuri wa ghala, msimamizi, hata fundi wa kuelekeza wengine. Anaweza kazi kabisa. Kazi anayoiweza ndiyo haipo. Daktari akimpima atasema hajafika theluthi mbili, na mwajiri akimwona ule mkono atasema nafasi imejaa. Kwa daktari huyu ni mzima, kwa mwajiri ni mlemavu, na yeye yuko katikati, kwenye ardhi ambayo haina fao.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ilikusudia kuziba pengo hilo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu, na anayepata ulemavu akiwa kazini anatakiwa aendelee kuwa na kazi. Nimeshaingia kwenye viwanda vya mbao vingi kutafuta habari za makala zangu. Walemavu niliowaona walikuwa mlangoni, wanasubiri kuonana na bosi.

Sasa njoo kwenye ule ukuta wa miaka 55, maana huo unanikera kuliko yote.

Sheria inasema fao la kukosa ajira ni la aliye chini ya miaka 55. Hoja yake unaiona hata bila kuambiwa: miaka 55 ndiyo umri wa kustaafu kwa hiari, 60 kwa lazima. Aliyefika 55 ana pensheni yake, kwa hiyo asije akashika pensheni kwa mkono huu na fao la ajira kwa mkono huu. Mstari ukachorwa hapo, upande huu wasio na kazi, upande ule wastaafu. Kwenye karatasi mstari ni mnyoofu kama reli ya TAZARA ikipita tambarare.

Ila pensheni ya kila mwezi haiji kwa umri peke yake. Inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Na watu wetu wengi hawana utumishi wa mstari mmoja. Mtu alizaliwa 1970, akalima mahindi na pareto mpaka anakaribia miaka 44, kiwanda kikajengwa jirani, akaajiriwa 2014. Mwaka 2025 kiwanda kikasimama. Ana miaka 55 na michango ya miezi 132. Pensheni ya kila mwezi hana, bado miezi 48. Fao la kukosa ajira hana, ameshavuka mstari. Atalipwa mkupuo wa waliokosa sifa, kisha ataagwa. Mwenzake waliyekuwa wakikaa benchi moja, aliyezaliwa miezi mitano baadaye, ana miaka 54 na atalipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita.

Ukuta uliojengwa kuzuia mtu asichukue mafao mawili umemzuia huyu asichukue hata moja la kila mwezi. Na sijatafuta mfano wa ajabu. Zunguka vijiji vinavyouzunguka mji wa Mafinga, nenda Kilolo, nenda Rungwe kwenye chai, utawapata mpaka uchoke kuandika.

Hata yule aliyetimiza miezi 180 hali yake inahitaji kutazamwa. Amepunguzwa kazi ana miaka 56. Alipanga kufanya kazi mpaka 60, kwa sababu kila mwaka unaoongezeka unanenepesha pensheni. Sasa afanye nini? Fao la ajira hapewi, kazi hapati, watoto wanakula. Atakwenda kujaza fomu ya kustaafu kwa hiari. Hiari gani hiyo? Hii ndiyo inayonishangaza katika sheria zetu. Aliyelazimishwa kuandika barua ya kuacha kazi anahesabiwa ameacha kwa hiari, ananyimwa fao. Aliyefukuzwa akiwa na umri wa miaka 56 anahesabiwa amestaafu kwa hiari, anapewa pensheni pungufu ya aliyoitarajia. Neno moja, watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyehiari.

Na pensheni yenyewe tumeshaijadili mpaka wake zetu wanajua maana ya kikokotoo, ile hesabu ya sehemu gani ya pensheni mstaafu analipwa kwa mkupuo na sehemu gani kila mwezi. Desemba 28, 2018 Rais Magufuli alisimamisha kile kilichotaka kuwapa wastaafu mkupuo wa asilimia 25. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024 ikapandisha mkupuo kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wakipewa nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Miaka sita tumegombania ukubwa wa mkupuo. Anayedondoka kati ya 55 na miezi 180 hakuwa na msemaji kwenye mjadala huo, kwa sababu kikokotoo hakimhusu. Hana cha kukokotolewa.

Wenzetu wamelitatuaje? Marekani, ambako mafao ya aina hizi yana umri wa miaka mingi, mstari haupo mahali tulipouweka sisi. Mtu anaweza kuanza pensheni ya serikali kuu akiwa na miaka 62, kwa kiwango kilichopunguzwa. Kiwango kamili, kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, ni akifika 67. Akiachishwa kazi akiwa na umri huo, pensheni yake haimzuii kudai fao la kukosa ajira kwenye jimbo lake mradi kweli anatafuta kazi. Na pensheni haikatwi kwa sababu amepokea fao, kwa kuwa fao halihesabiwi kuwa mshahara. Majimbo yaliyokuwa yakipunguza fao la mtu kwa sababu anapokea pensheni hiyo yaliacha moja baada ya jingine. Hoja yao ni nyepesi: pensheni ameichangia mwenyewe kwa miaka, ni mshahara wake wa jana unaolipwa leo.

Kwenye ulemavu walitetemeka zaidi, kama sisi. Mwaka 2012 GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi ya serikali, ilitoa ripoti kwamba katika mwaka wa fedha 2010 watu 117,000 walipokea fao la ulemavu na la kukosa ajira kwa wakati mmoja, jumla zaidi ya dola milioni 850. Wanasiasa wakapata la kusema. Lakini ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba hao ni pungufu ya asilimia 1 ya wanufaika wote, na kwamba kuna mazingira ambamo kupokea yote mawili kunaruhusiwa na sheria.

Mazingira gani? Mtu mwenye ulemavu kule anaruhusiwa kujaribu kazi kwa miezi tisa bila kupoteza fao lake. Na hata baada ya hapo, akipata kipato kilicho chini ya kiwango fulani, dola 1,620 kwa mwezi mwaka 2025, bado anahesabiwa ana ulemavu. Sasa akijaribu, akafanya, kisha kampuni ikamwondoa kwa kupunguza watu? Amepoteza kazi ya kweli kwa sababu isiyohusu mwili wake. Haki ya fao la ajira ameipata kwa jasho. Sheria ilimwambia jaribu, ikamwambia ukianguka tutakudaka, ingekuwa ajabu imdake kwa mkono mmoja na kumtupa kwa mwingine.

Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi inayofanana, ya mwanamke aliyepata kiharusi, akapoteza kazi, akadai fao la ulemavu, kisha akamshtaki mwajiri kwamba angeweza kufanya kazi kama angesaidiwa kidogo. Mwajiri akasema: huyu anajipinga mwenyewe. Majaji wote wakasema hapana, madai hayo mawili hayapingani moja kwa moja, kwa sababu kila sheria inauliza swali lake. Muhimu ni mdai apewe nafasi ya kueleza. Nimemsomea jirani yangu kipande hicho. Akauliza, "Kwa hiyo huko unapewa nafasi ya kueleza?"

Najua hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Mifuko si kisima. Wajanja wapo, hata hapa Iringa namjua mtu aliyeomba cheti cha mgongo asubuhi na jioni akaonekana anabeba mabati. Ukiruhusu mafao kupishana ovyo, wanaochangia leo watakuta ghala tupu kesho. Ila ghala halikutobolewa na wapasua mbao. PSSSF ilirithi mzigo wa watumishi ambao kabla ya 1999 hawakuwa wamechangiwa, serikali ikachelewa kulipa deni hilo, na Desemba 2021 ikatoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Trilioni 2.17. Ugawe kwa 599,400 za jirani yangu, utapata watu zaidi ya milioni tatu na laki sita wanaolipwa miezi sita mizima. Mtu akiniambia mfuko utaanguka kwa sababu ya wanaodai mara mbili, namwomba kwanza anioneshe upande huo wa hesabu.

Kwa wanaopenda kuuliza wazungu wanasemaje, Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, umeshalijibu hili kwa busara kubwa. Kifungu cha 69 kinaruhusu nchi isimamishe fao la mtu anapopokea fao jingine la fedha la hifadhi ya jamii. Hapo wengi wanaishia kusoma. Ukiendelea, kinasema sehemu itakayosimamishwa isizidi lile fao jingine. Yaani kama unapokea pensheni ya 60,000 na fao la ajira lingekuwa 100,000, wanaweza kukata 60,000 na kukuachia 40,000. Wanakata palipopishana. Hawakutupi nje ukiwa na njaa eti kwa sababu una kitu kingine mfukoni.

Ningeanzia hapo hapo. Kwanza, umri wa 55 uondolewe kwenye fao la kukosa ajira na mahali pake yawekwe maneno haya: asiyepokea pensheni ya kila mwezi. Kama shida ni kupishana kwa mafao, pimeni kupishana. Umri haupishani na chochote. Aliyeachishwa ana miaka 55 na michango ya miezi 132 apewe miezi yake sita, na yule mwenye 180 apewe muda wa kutafuta kazi kabla ya kusukumwa kwenye hiari isiyo yake. Halafu iandikwe waziwazi, na ibandikwe kwenye kila dirisha kwa herufi kubwa, kwamba fidia ya kuumia kazini haimzuii mtu kudai fao la kukosa ajira. Kwa pensheni ya ulemavu wa theluthi mbili, kata palipopishana, nami sitapiga kelele.

Wachuma chai wa msimu sijawasahau. Mkataba wa miezi tisa, mapumziko, mkataba mwingine, michango inakatikakatika, miezi 18 inachukua miaka. Hao kupata fao moja tu ingekuwa sherehe, na makala yao nitaiandika peke yake.

Jirani yangu alizipeleka fomu zote mbili, kila moja kwenye dirisha lake. Ile ya mkono ilipokelewa bila neno. Ile ya kukosa ajira ilirudi baada ya wiki mbili. Haikurudishwa kwa sababu ya mkono wala umri wala michango. Sahihi hailingani. Alipojiandikisha miaka sita iliyopita alisaini kwa mkono wa kulia, sahihi yenye mkia mrefu, kama wasainivyo watu wa mbao wanaogonga alama kwenye magogo. Sasa anasaini kwa kushoto. Wakamwambia alete hati ya kiapo kwamba yeye ndiye yeye, au asaini kama zamani.

Jana nimempitia kwake. Hati ya kiapo inahitaji nauli na hela ya wakili, kwa hiyo anajaribu kwanza hiyo njia nyingine. Yuko mezani na daftari la hesabu la mwanawe, kurasa za nyuma, kalamu kaibana kati ya kidole gumba na kile kipande cha kidole cha pete. Mtoto anamhesabia. Anasema ya kumi na saba ilianza kufanana, ila mkia unakatika.